Kifua cha Fundi Magodoro

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Pamba. Nani alianza kumwita hivyo hakuna aliyekumbuka, ila ukimwona huulizi sababu. Alikuwa fundi magodoro, na kazi ilikuwa imemganda mwilini: nyuzi nyeupe kwenye nywele, kwenye kope, kwenye vinyweleo vya mikono, mpaka ndani ya masikio. Fundi viatu aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya uchochoro alikuwa mtani wake wa miaka mingi, na kila asubuhi alimpokea kwa maneno yaleyale.

"Pamba, leo umezeeka kuliko jana."

Pamba hakuwa mtu wa maneno. Alicheka puani tu, akainama kwenye kazi yake.

Watu walimletea magodoro ya zamani, yale ya pamba, yaliyolaliwa mpaka yakawa magumu kama ubao. Alifumua mshono, akatoa pamba iliyoshikamana mabonge mabonge, akaianika juani, kisha akaipiga kwa fimbo mbili mpaka iumuke. Baada ya hapo aliichambua kwa vidole, akairudisha kwenye kitambaa kipya cha milia, akashona kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto mchanga. Fimbo zikianza kucheza, banda zima lilijaa ukungu mweupe na yeye mwenyewe humwoni uso. Kazi hiyo alirithishwa na baba yake mwaka aliomaliza darasa la saba, na hakujua nyingine. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba yake, hatua nne kutoka mlango wa jikoni.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, mke mmoja, na mtoto mmoja wa kike waliyempata baada ya miaka kumi na moja ya kusubiri. Wiki aliyozaliwa, Pamba alimshonea mto mdogo wa sufi, mkubwa kama tofali. Sufi ile aliichambua mbegu kwa mbegu kama mtu anayechagua mchele wa wageni. Mtoto alikuwa na alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti.

Pumu ilimwanza Kidoti akiwa na miaka mitatu. Alipofika minane, ilikuwa imeshindikana. Watoto wengine wa mtaani walikuwa nayo pia, lakini yao ilisikia dawa. Ya Kidoti ilikuwa kiziwi. Alikuwa na pampu ya kahawia ya kuvuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima, na pampu ya bluu ya kuvuta akibanwa. Chupa ya kuvutia dawa Pamba aliitengeneza mwenyewe kwa chupa ya plastiki, kama walivyoelekezwa kliniki. Alikata tundu sawasawa na mdomo wa pampu, akalainisha ukingo kwa moto, akauzungushia kitambaa ili usimkwaruze mtoto. Muuguzi wa kliniki ya kifua aliigeuzageuza akasema hajaona iliyotulia kama ile. Pamba alitazama viatu vyake kwa furaha.

Lakini dawa iliyoaminika nyumbani kuliko zote ilikuwa kifua cha baba. Kidoti akibanwa hakutaka kulazwa, hakutaka kukalishwa, hakutaka mama yake amguse. Alitaka baba. Mke wa Pamba alifungua mlango wa jikoni na kuita mara moja tu, na Pamba alitupa fimbo, akaja mbio kama alivyo, akamnyanyua mtoto, akamlaza kifuani. Kidoti alizika pua kwenye shati la kazi na kushika ukosi kwa vidole viwili. Pamba alimpapasa mgongo na kusikia pumzi ikipiga filimbi ndani ya mbavu.

"Vuta taratibu, mama. Baba yupo."

Mara nyingine filimbi ilipungua. Mara nyingi haikupungua, na hapo Pamba alimkumbatia zaidi.

Kliniki walikwenda kila mwezi. Siku hizo Pamba alioga mara mbili, akachana nywele mpaka unyuzi wa mwisho, akavaa shati lililopigwa pasi. Aliona si adabu kumpelekea daktari uchafu wa banda. Kwa miaka mitano hospitali ilimjua mwanamume msafi, mpole, aliyekaa kiti cha nyuma akimwachia mkewe maneno.

"Mnapikia nini?" daktari aliuliza.

"Gesi," alijibu mke.

"Paka? Mbwa? Kuku?"

"Hatufugi."

"Vumbi?"

Mke alijinyoosha. "Daktari, sakafu yangu unaweza kulala bila mkeka."

"Baba anafanya kazi gani?"

"Fundi," alisema Pamba, akainamisha macho.

Daktari akaandika fundi. Nje kulikuwa na foleni mpaka getini, na mafundi ni wengi duniani.

Dawa ziliongezwa, na hali ikabaki ileile. Kila Kidoti alipolazwa alipona haraka, siku mbili tu anakimbiza wenzake wodini. Akirudi nyumbani, wiki haiishi. Mwishowe daktari aliweka kalamu chini, akamtazama mke wa Pamba.

"Mama, niambie ukweli, sitakufokea. Dawa za nyumbani mnampa kila siku?"

"Nampa."

"Hata siku moja hamruki?"

Mke alitoa kwenye mkoba daftari alilochora mistari, kila siku alama mbili, kwa miezi kumi na minne. Daktari alilipekua, akalirudisha kwa mikono miwili, akaandika vidonge vikali zaidi. Njiani mke alilia bila sauti. Pamba alitembea kando yake na chupa ya plastiki mkononi.

Vidonge vilimvimbisha Kidoti uso, shuleni wakamwita Puto. Siku aliyomweleza baba yake, Pamba alifikiri kwa muda mrefu, sindano ikiwa imesimama hewani.

"Waambie puto hupaa. Wao watabaki chini na ndimi zao."

Kidoti alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa Pamba akamkumbatia.

Siku mambo yalipojulikana ilikuwa ya kawaida, saa nne asubuhi. Kidoti alibanwa darasani. Mwalimu alimpa pampu ya bluu, akaona haishiki, akamkimbiza hospitali huku akipiga simu. Mama yake alikuwa sokoni hakuisikia. Pamba aliisikia. Alitoka bandani bila kuoga, bila kubadili nguo, sindano ya godoro ingali mfukoni mwa suruali.

Alimkuta mtoto kitandani, amekaa, amevishwa barakoa ya mashine ya mvuke. Muuguzi wa kliniki, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshika mgongo wake. Kidoti alishaanza kupata nafuu. Alikuwa anamsimulia muuguzi habari za mwalimu wa hesabu aliyevaa soksi mbili tofauti. Alipomwona baba yake mlangoni alifungua mikono, na Pamba akaenda. Alimkumbatia. Kidoti akazika pua kwenye ukosi.

Dakika tano hazikufika. Habari ya soksi ilikatika katikati. Mabega ya mtoto yalianza kupanda na kushuka, ngozi ya shingo ikaingia ndani kila alipovuta.

"Baba, mwachie kidogo," alisema muuguzi.

"Ananitaka."

"Najua anakutaka. Mwachie. Simama pale mlangoni."

Pamba alisimama mlangoni. Muuguzi aliweka dawa nyingine kwenye mashine, akamfuta mtoto uso na shingo kwa kitambaa cha maji. Baada ya muda mabega yalitulia. Hapo muuguzi akatoka koridoni, akamsogelea Pamba, akanyofoa kitu kwenye ukosi wake na kukiweka kiganjani.

"Hiki ni nini?"

"Pamba."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Katika miaka mitano lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumfikishia. "Magodoro," alisema. "Nafumua ya zamani, natengeneza upya."

"Unayatengenezea wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya jiko."

Muuguzi akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyooza. "Mtoto akibanwa, nani humbeba?"

"Mimi."

"Ukiwa umevaa hivi?"

"Nakuja mbio," alisema Pamba. "Huwa sisubiri kubadili."

Muuguzi alimwekea mkono begani, na pale alipougusa vumbi lilipaa kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Wote wawili waliliona. "Baba, nisikilize. Kila mtoto mwenye pumu ana vitu vinavyomchokoza. Godoro la zamani lina vumbi la miaka, na wadudu wadogo mno ambao jicho haliwaoni. Tutampima, siwezi kuapa leo. Lakini nilichokiona pale kitandani nimekiona."

Pamba alikumbuka mzaha wa fundi viatu. Siku moja, zamani, alipokuwa akijikuna, yule mtani alimpigia kelele kutoka ng'ambo: "Kikulacho ki nguoni mwako, Pamba." Wakacheka. Kumbe.

Vipimo vilirudi vikasema vilevile. Mke wake hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, ufagio magotini, akitazama zile hatua nne hadi bandani.

"Baba Kidoti, miaka mitano nafagia," alisema. "Nilikuwa nafagia nini?"

Pamba akaingia bandani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuingia.

Muuguzi alishauri mtoto akae kwanza mahali pasipo na vumbi lile, miezi mitatu, huku dawa zikiendelea vilevile, ndipo ijulikane. Dada mkubwa wa mke alikuwa na nyumba upande wa pili wa mji, yenye sakafu ya vigae na magodoro ya sponji. Mke alikwenda kukaa na mtoto siku chache kumzoesha. Asubuhi ya kuondoka, Kidoti alisimama uani na begi lake, na Pamba kando ya karo la kufulia, mbali kama alivyoagizwa.

"Nenda kwa mama mkubwa kidogo, upone."

"Na wewe?"

Hapo ndipo palitakiwa maneno. Mtu mwingine angechuchumaa, akaeleza habari za vumbi na wadudu, mtoto wa miaka minane angeelewa. Pamba alikuwa na maneno yote kifuani na hata moja halikupanda.

"Mimi nina kazi," alisema.

Kidoti aligeuka, akamshika mama yake mkono.

Kwa mama mkubwa alipona. Wiki ya pili kikohozi kilikwisha. Wiki ya sita pampu ya bluu ilikuwa inakaa mfukoni bila kazi, na daktari akaanza kupunguza vidonge, uso ukarudi wa zamani. Pamba alikwenda kila Jumapili, ameoga, na alikaa kwenye ngazi ya nje akiongea na mwanawe kupitia mlango ulio wazi. Mama mkubwa alimletea habari njema kwa moyo mweupe.

"Shemeji, juzi kakimbizana na wenzake mpaka kona ile na kurudi. Karudi anacheka."

"Vizuri," alisema Pamba. "Vizuri sana."

Alikuwa anasema kweli. Lakini kila habari njema ilimwambia pia kwamba mtoto anapumua kadiri baba anavyokuwa mbali, na maneno hayo alirudi nayo nyumbani akiwa peke yake njia nzima.

Jumapili moja, mama mkubwa akiwa ndani, Kidoti alisogea mpaka kizingitini.

"Baba, kama wewe huwezi kuja ndani, niletee mto wangu."

Pamba alijua asichotakiwa kuleta. Mto ule wa zamani hangeuleta. Lakini alikuwa fundi, na fundi huamini mkono wake. Alijiambia tatizo ni vumbi la miaka. Sufi mpya inayotoka kwenye ganda lake ina vumbi gani? Aliinunua ikiwa bado kwenye maganda. Kitambaa alikichemsha mara mbili, akakianika mbali na banda. Sufi aliichambua mbegu kwa mbegu, kama mara ya kwanza. Alishona mishono miwili badala ya mmoja, midogo na iliyobana, hata maji yasingepita. Hakumuuliza mtu, kwani kuuliza kungetaka maelezo. Jumapili iliyofuata aliutoa kwenye mfuko na kumpa, na Kidoti, akiogopa asinyang'anywe, akauficha chini ya shuka bila kuambiwa.

Siku ya nne alizidiwa mchana wakati wa kupumzika. Pampu ya bluu haikufua dafu. Hospitali alikaa siku mbili bila kuweza kumaliza sentensi. Alisema neno moja, akavuta, akasema la pili. Midomo ilikuwa na rangi ambayo Pamba hakutaka kuijua jina.

Mama mkubwa alimkuta kwenye benchi la koridoni. Alimwekea mto mapajani, akapita bila salamu. Mke wake, aliyekuwa ameketi pembeni, aliutazama mshono, akaujua mkono.

"Ulimpa wewe," alisema.

"Aliniomba."

Mke alinyanyuka, akaenda kukaa benchi la pili.

Muuguzi yule mnene alikuja kukaa alipotoka mke. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ni sufi mpya?"

"Mpya. Kitambaa nimekichemsha. Nilichambua yote, kila kitu nilifanya safi."

"Naona ulivyojitahidi. Ulishonea wapi?"

Pamba alijiona amekaa kwenye kigoda chake, taa ya banda juu, magodoro matatu ya watu yamefumuliwa miguuni, na mto mweupe mapajani, anashona kwa makini.

"Bandani," alisema.

Kidoti alipona. Siku ya tano alitolewa, akarudi kwa mama mkubwa, na siku hiyohiyo Pamba akafunga banda. Magodoro ya watu aliyarudisha yalivyokuja. Mbao alizing'oa, kuta za nyumba zikasuguliwa na kupakwa rangi, godoro lake na la mtoto, aliyoyashona mwenyewe, yakatoka yakaingia ya sponji. Fimbo alizichoma. Sindano alimpelekea fundi viatu.

"Nikutunzie?" aliuliza mtani.

"Hapana. Shonea viatu."

"Ndefu mno hii, itamtoboa mwenye kiatu."

"Basi itupe."

Fundi viatu aliishika, akaipima kwa kidole, akaitia kwenye boksi la misumari. "Sasa nitakuitaje?" aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Niite utakavyo."

Alipata kazi ya kuosha chupa kubwa za maji ya kunywa, zile za kurudishwa. Kutwa mikono ilikuwa majini. Vidole vilivyojua uzi na nyuzi vililainika, vikakunjamana kama vya maiti, na nywele zake, zilipotokwa na weupe wa pamba, mtaa uliona kwamba chini yake zilikuwa nyeupe vilevile.

Wiki ya nane tangu banda lifungwe, muuguzi alikuja nyumbani mwenyewe. Alipita chumba kwa chumba, akapapasa magodoro, akafungua madirisha. Akamtazama Pamba kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mlete mtoto nyumbani," alisema. "Dawa asiache hata siku moja. Na wewe, baba, unaweza kumshika."

Pamba hakulala vizuri. Kesho yake alioga, akavaa shati ambalo halikuwahi kukaa nyumbani enzi za banda, akaenda na mkewe. Walimkuta Kidoti uani akiruka kamba. Alikuwa amerefuka. Alipowaona aliiachia kamba, akaja mbio kama zamani, mikono imefunguliwa, na Pamba akapiga goti chini, akafungua yake.

Hatua mbili kabla hajafika, Kidoti alisimama.

Alisimama ghafla, kama aliyeona shimo. Alitazama kifua cha baba yake, akatazama ukosi. Mkono mmoja aliunyoosha mbele, kiganja wazi, kama askari anayezuia gari. Wa pili ulikwenda mfukoni wenyewe, ukatoka na pampu ya bluu.

"Subiri, Baba."

"Baba ameacha kazi ile," alisema mama yake kwa upole. "Hana vumbi tena, mwanangu."

"Najua. Mmeniambia." Alikuwa amebana pumzi, na mashavu yalikuwa yanajaa. "Lakini ngoja kwanza."

Pamba alishusha mikono. Alijua kwamba mtoto amejifunza vizuri, amejifunza kujilinda kuliko wazazi wake walivyomlinda, na alipaswa kumshukuru Mungu kwa hilo. Alishukuru.

"Nikae wapi, mama?" alimuuliza mwanawe.

Kidoti alitazama ua wote, akapima. Akanyoosha kidole kwenye ngazi ya nje, ileile ya Jumapili zote.

Pamba akanyanyuka, akaenda kukaa. Kidoti akakaa chini palepale aliposimama, miguu ameikunja, pampu mkononi. Akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia, akavuta nyingine ndogo, ya kuonja. Akasikiliza ndani ya mbavu zake. Akavuta nyingine.

Baba yake, kwenye ngazi, alikuwa anasikiliza pia.